Mwongozo kamili: Kuwaona ndege wa msimu pwani kabla hawajarudi kaskazini

Machi inapoingia, malalamiko huwa yaleyale. Mtu ametoka Mombasa hadi Mida, au Ubungo hadi Kunduchi, na darubini nzuri shingoni. Amekaa juani nusu siku, na alichoambulia ni vidoa vya kijivu vinavyotembea mbali kwenye tope. Mwingine kafika akakuta maji yamejaa mpaka kwenye mikoko na hakuna hata unyoya. Wote wawili wanarudi nyumbani wakiamini kwamba macho yao hayafai kwa kazi hii.

Macho yao ni mazima. Walikosea saa. Ndege wa tope haishi kwa mchana na usiku, anaishi kwa kujaa na kupwa. Maji yakipwa hutawanyika kwenye tope lote. Yakijaa kabisa huenda mahali pengine kupumzika. Kati ya hayo mawili kuna muda mfupi ambapo maji yenyewe humsukuma ndege mpaka mbele yako, na kazi yako ni kuwa umekwisha kufika na kukaa kimya.

Mwongozo huu ni wa pwani yetu, kuanzia Malindi hadi Dar es Salaam, kuanzia katikati ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Mei. Hapo ndipo ndege waliokuwa kwetu kipindi chote cha kaskazi wanapojaza mafuta mwilini na kubadilisha manyoya ili warudi Siberia, Ulaya na Ghuba kuzaliana. Mwishoni nimeweka hatua ya machimbo na madimbwi, ambako saa yake ni nyingine kabisa.

## Vifaa kwanza

Darubini ya 8x42. Usidanganywe na zile zinazokuza mara ishirini. Kadiri inavyokuza ndivyo mkono unavyoitikisa, na joto la tope huifanya picha icheze zaidi. Namba 42 ni upana wa kioo cha mbele. Kikiwa kipana, unaona vizuri hata jua linapoanza kuzama. Teleskopu ni nzuri ukiwa nayo, lakini ukifuata hatua ya 4 hutaihitaji.

Jedwali la maji la mwaka huu. Kenya hutolewa na Mamlaka ya Bandari, na saa zake ni za Kilindini, bandari ya Mombasa. Tanzania nako Mamlaka ya Bandari hutoa la kwake. Programu za simu zipo pia, ila hakikisha zinaonyesha saa za Afrika Mashariki. Nyingine huonyesha saa za Greenwich, na hapo utawahi kwa saa tatu nzima.

Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye picha mbili za kila ndege wa pwani: akiwa wa kijivu na akiwa na rangi za kuzalia. Kitabu chenye picha moja tu kitakuchanganya mwezi wa Aprili.

Daftari na penseli. Kalamu ya wino haivumilii jasho wala manyunyu.

Raba za zamani zenye kamba. Kandambili hubaki kwenye tope, na ukienda pekupeku chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko watakukata.

Ongeza kofia, maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili, na nguo za kahawia au kijani kilichofifia. Shati jeupe huonekana na ndege kabla wewe hujamwona. Nenda na mwenzako, kwa usalama wako na wa darubini.

## Hatua ya 1: Chagua wiki

Novemba hadi Februari ndege ni wengi, lakini karibu wote wamevaa kijivu juu na nyeupe chini. Kwa anayeanza ni mateso. Kuanzia katikati ya Machi rangi huanza kutokea kwa mabaka: kifua chekundu hapa, tumbo jeusi pale. Wiki mbili za katikati ya Aprili ndizo bora, kwa sababu ndege bado wapo na wengi wamekamilisha mavazi yao.

Mwishoni mwa Aprili wanaondoka kwa makundi, mara nyingi jioni. Utawaona wakipanda juu wakiita, wakizunguka, kisha wakijipanga mstari na kuelekea kaskazini. Ufuo uliokuwa na mamia jana unaweza kuwa mtupu leo, kwa hiyo usiahirishe kwa kusubiri mwisho wa mwezi.

Masika yameanza wakati huo, na watu wengi huogopa mvua. Usiighairi safari kwa ajili ya wingu. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko ya jua kali, maana joto halipandi kutoka kwenye tope na rangi huonekana jinsi zilivyo.

## Hatua ya 2: Soma jedwali la maji

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana, kwa wastani kama dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hukaribia mita 4 kwenye pwani yetu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Unataka bamvua. Kwenye maji mafu sehemu kubwa ya tope haifunikwi, kwa hiyo ndege hawana sababu ya kukusogelea. Kwenye bamvua kila kipande cha tope kinamezwa, nao wanalazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukingoni.

Tuseme jedwali linasema hivi:

0412 – 3.6
1018 – 0.3
1635 – 3.7
2240 – 0.4

Namba nne za kwanza ni saa, inayofuata ni kimo cha maji kwa mita. Saa hizi zimeandikwa kwa mtindo wa ofisini, kuanzia usiku wa manane. Ondoa sita upate saa yetu: 1635 ni saa kumi na dakika thelathini na tano jioni. Usiseme "saa kumi na sita" ukamwagiza dereva wa bodaboda aje saa nne usiku. Hili hutokea.

Kilele hapo ni saa kumi na nusu jioni na ushee. Hesabu kurudi nyuma saa tatu. Saa saba na nusu mchana uwe umefika, na kuanzia saa nane uwe umekaa. Usiende kuangalia kilele chenyewe, kwa sababu kilele ni wakati ambao ndege wameshaondoka kwenye tope.

Kwa nini saa tatu? Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza na ya mwisho hutambaa, lakini saa ya tatu na ya nne hukimbia. Kwenye bamvua la mita 4, yanaweza kupanda kama mita 1 ndani ya saa moja. Huo ndio muda ndege husogea haraka kuja kwako.

Onyo: mwendo huohuo huua. Mtu akiwa amesimama kwenye fungu la mchanga mbali na ukingo, mifereji iliyo nyuma yake hujaa kabla fungu halijalowa. Usivuke mfereji wowote, hata wa magoti, wakati maji yanajaa.

Bamvua lina faida nyingine katika pwani yetu. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kilele cha mchana huangukia karibu saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi jua linakuchoma machoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Jioni jua liko mgongoni kwako na linamulika kifua cha ndege moja kwa moja. Zungushia siku hizo kwenye kalenda yako ya Aprili.

Hatua hii umeiweza ikiwa unaweza kumwambia mwenzako, bila kusitasita, tarehe, saa ya kilele, na saa ya kuwa mmeketi.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kukaa

Mida, karibu na Watamu, ndipo ningemtuma yeyote anayeanza. Ni hori lenye mdomo mwembamba, limezungukwa na mikoko, na tope lake ni pana. Liko ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu. Kuna madaraja ya mbao yanayopita kwenye mikoko, yanayoendeshwa na wenyeji kwa kiingilio kidogo, na waongozaji wao wanajua ndege hukaa wapi. Lipa na uwasikilize. Kumbuka kwamba ndani ya hori maji huchelewa kuliko bahari ya wazi, kwa hiyo saa ya Kilindini si saa kamili ya Mida. Muulize mvuvi: "Shikamoo mzee, leo maji yatajaa saa ngapi huku ndani?" Jibu lake lina uzito kuliko programu yako.

Mida ndipo pia pa kumwona ndege mla kaa, Dromas ardeola kwa jina la kisayansi, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu-buluu na mdomo mnene mweusi kama kisu kifupi. Huyu haendi Siberia. Huzaliana kwenye fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani. Machi bado wapo Mida kwa mamia. Aprili hupungua, kwa hiyo kama unamtaka yeye, tangulia.

Mlango wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, una mchanga, tope na madimbwi pamoja. Buabua, ndege wa baharini, hupumzika hapo kwa makundi makubwa. Ni mahali pa kwenda na mwenyeji, si peke yako: kuna viboko na mamba, na mto ukifurika kwa masika kingo hubomoka. Kuanzia Aprili kuna mgeni wa upande mwingine pia, Glareola ocularis, ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu na mrukio wa mbayuwayu. Anatoka Madagaska, anakuja kwetu wakati wengine wanaondoka.

Mashamba ya chumvi, kama ya Gongoni huko Malindi au ya Kunduchi, yana kazi maalumu. Bamvua likifika kilele na tope kuzama, ndege wengi huhamia humo kupumzika. Hapo ndipo pekee ninaposhauri ufike saa ya kilele. Haya ni maeneo ya watu. Nenda getini, jitambulishe, omba ruhusa, na upite kwenye matuta unayoonyeshwa. Ukingo wa bwawa la chumvi huvunjika kirahisi, na ukiuvunja umemharibia mtu mavuno.

Kwa walio Dar, mdomo wa mto Msimbazi karibu na daraja la Salenda una ndege wazuri na matope ya kutosha, na unafikika kwa daladala.

Onyo kuhusu darubini mjini: usiielekeze kwenye bandari, kambi za jeshi, madaraja, balozi wala Ikulu. Askari hawezi kujua kwamba unatazama kitwitwi. Akikujia, salimia kwanza, kisha mwonyeshe kitabu na daftari. Kitabu chenye picha za ndege hueleza haraka kuliko maneno.

Popote utakapochagua, jiulize mambo matatu kabla ya kuketi: jua liko nyuma yangu? Maji yatafika karibu yangu bila kunifunga? Nina kitu nyuma ya mgongo, mkoko au tuta, ili kivuli changu kisisimame peke yake kwenye anga? Ukijibu ndiyo mara tatu, pamefaa.

## Hatua ya 4: Keti, usimfuate ndege

Ukifika, utawaona mbali. Mguu utakuwasha uende. Usiende.

Ndege anayejiandaa kwa safari anakula ili aongeze mafuta. Baadhi ya hawa wadogo huongeza nusu ya uzito wao au zaidi kabla ya kuondoka. Kila unapomrusha anachoma akiba hiyo, na muda wa kuirudisha ni mfupi kwa sababu tope liko wazi saa chache tu. Zaidi ya hapo, ukimfuata hatua ishirini naye atasogea thelathini, na mwisho wa siku mtakuwa mmechoka wote wawili.

Keti chini, usisimame. Binadamu aliyesimama juu ya tope tambarare ni kitu kirefu kuliko vyote. Weka viwiko juu ya magoti ili darubini itulie. Kwa nusu saa ya kwanza usitafute majina. Tazama tu mstari wa maji unavyosogea na ndege wanavyosogea nao.

Jifunze dalili za hofu. Ndege aliyetulia anakula au amelala mdomo ukiwa mgongoni. Akianza kuinua kichwa na kunyoosha shingo, umeshamgusa. Wakianza kutembea wote upande mmoja, uko karibu mno. Ganda hapohapo, usirudi nyuma kwa ghafla, na watatulia. Wakiruka, umeshachelewa.

Utajua imefaulu pale ndege watakapokula mbele yako bila kukutazama, karibu kiasi cha kuona tope kwenye midomo yao. Kwenye bamvua zuri hilo huchukua saa moja na nusu hivi tangu uketi.

## Hatua ya 5: Uliza ukubwa, kisha mlo, kisha mdomo, rangi mwisho

Wengi huanza na rangi, nayo ndiyo shahidi mbaya kuliko wote mwezi wa Aprili. Ndege wawili wa aina moja, wamesimama bega kwa bega, mmoja ni mwekundu tupu na mwingine bado wa kijivu. Mwanzoni utasema hawa ni aina mbili. Mwili na tabia havibadiliki.

Ukubwa. Tumia ndege unaowajua: shomoro, njiwa, kunguru. Usikadirie kwa sentimita, macho hudanganya juu ya tope.

Namna ya kula. Hapa ndipo kundi hugawanyika mara mbili. Upande mmoja kuna wanaowinda kwa macho. Hukimbia hatua chache, husimama wima, hutazama, hudonoa mara moja, hukimbia tena. Wana macho makubwa, vichwa vya mviringo na midomo mifupi. Upande wa pili kuna wanaowinda kwa kugusa. Hutembea wameinama na midomo inaingia na kutoka kwenye tope bila kupumzika, kama sindano ya cherehani. Hawa midomo yao ni mirefu zaidi. Ukitazama dakika mbili bila kusoma kitabu, utaweza kusema kila ndege ni wa upande upi hata akiwa mbali.

Mdomo. Ni mrefu kuliko kichwa au mfupi? Umenyooka, umepinda chini, au umepinda juu?

Rangi ije baada ya hayo yote.

## Hatua ya 6: Anza na ndege hawa, si wote

Kitabu kina makumi ya ndege wa pwani. Achana nao kwa sasa. Wengine hapa chini nimewataja kwa jina la kisayansi, ulitafute kitabuni. Hawa ndio utakaowakuta karibu kila mara, na ukiwajua vizuri mgeni yeyote atajitokeza mwenyewe.

Calidris ferruginea ndiye wa kumwekea muda wako mwingi, kwa sababu ni wa kawaida na kwa sababu ndiye anayebadilika kwa namna ya kustaajabisha. Ni mkubwa kidogo kuliko shomoro, anawinda kwa kugusa, mara nyingi maji yakimfika tumboni. Mdomo ni mweusi, mrefu, umepinda chini taratibu. Januari ni wa kijivu na ana mstari mweupe juu ya jicho. Katikati ya Aprili uso, shingo na tumbo huwa rangi ya tofali lililochomwa, na ukimpata karibu utaona vidoa vyeupe kuzunguka mdomo, pamoja na ncha nyeupe za manyoya mapya yanayofanya wekundu uonekane kama umepigwa vumbi. Ncha hizo zikilika, wekundu huzidi kuiva. Akiruka, tazama juu ya mkia: ni peupe. Anakwenda kuzaliana kwenye nyanda za baridi za kaskazini ya Siberia, zisizo na mti, na muda wake huko ni mfupi mno.

Calidris minuta ndiye mdogo kuliko wote, saizi ya shomoro au chini. Mdomo mfupi ulionyooka, miguu myeusi, hana subira, anadonoa huku na huku. Aprili mgongo wake huwa wa kahawia-chungwa na mistari miwili myeupe iliyofanya V.

Vitwitwi wa mchanga, wa upande wa wanaotazama. Kijivu-kahawia juu, weupe chini. Aprili kifua hupata mshipi mwekundu-chungwa na uso huwa na barakoa nyeusi. Kuna mdogo na mkubwa. Tofauti iko kwenye mdomo na miguu, na huwakorofisha hata wazoefu. Mwanzoni andika tu "kitwitwi wa mchanga" na uendelee.

Pluvialis squatarola anakaribia saizi ya njiwa, naye hutazama na kudonoa. Kwenye kaskazi ni wa kijivu mwenye sura ya huzuni. Aprili uso, kifua na tumbo huwa vyeusi tii, mgongo wa fedha. Akiruka wakati wowote wa mwaka, ana doa jeusi kwapani. Hilo halimdanganyi mtu.

Sululu, wa ukubwa wa kunguru, mdomo umepinda chini sana. Sululu mdogo ana mistari ya giza kichwani na mluzi wa haraka unaorudiwa kama mara saba. Sululu mkubwa hana mistari hiyo na mdomo wake ni mrefu kupita kiasi.

Xenus cinereus anajulikana kwa mwendo: mdomo umepinda juu, miguu mifupi ya njano, anakimbia ameinama mbele kama anayemfukuza mtu. Kweli anafukuza, vikaa vidogo. Mida wapo wengi.

Arenaria interpres anageuza mawe na majani ya bahari kwa mdomo. Aprili mgongo ni wa kahawia iliyoiva na uso una michoro ya nyeusi na nyeupe. Mtafute kwenye miamba na karibu na ngalawa zilizoegeshwa, si katikati ya tope.

Umefika mahali pazuri ukiweza kuwataja wanne kati ya hawa kwa tabia peke yake, kabla hujaona rangi.

## Hatua ya 7: Andika ukiwa hapohapo

Andika tarehe, mahali, saa ya kilele, saa uliyoketi, kisha ndege na idadi. Kwa kundi kubwa hesabu kumi wa kwanza, uone wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa makumi hayo. Weka pia wangapi wana rangi kamili, wangapi nusu, na wangapi bado wa kijivu. Takwimu hiyo ni ya thamani, kwa sababu inaonyesha wako karibu kiasi gani na kuondoka.

Tazama miguu. Ndege wengine huvishwa pete au vibendera vya rangi na watafiti. Andika rangi kuanzia juu kwenda chini, mguu wa kulia na wa kushoto, na herufi kama zinasomeka. Usijaribu kumkamata.

Peleka orodha yako eBird, Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, miradi inayokusanya kumbukumbu za ndege kutoka kwa watazamaji. Pwani yetu ina watazamaji wachache, na orodha moja ya Aprili kutoka hori lisilotembelewa inaziba pengo la kweli.

## Hatua ya 8: Machimbo na madimbwi

Huku weka jedwali la maji mfukoni. Kinachotawala ni mvua ya usiku na jua la asubuhi.

Ndege wa nchi kavu husafiri zaidi usiku. Mvua kubwa ikiwakuta angani hushuka, na alfajiri utawakuta kwenye maji na miti ya karibu. Kwa hiyo ukisikia mvua usiku wa Aprili, toka saa kumi na mbili asubuhi. Ifikapo saa tatu wengi wameshajificha au kuendelea na safari.

Mahali pa kuanzia Mombasa ni Haller Park, Bamburi. Lilikuwa chimbo la mawe ya chokaa la kiwanda cha saruji, likaanza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya René Haller, na sasa ni msitu wenye mabwawa na njia salama. Dar kuna machimbo ya kokoto upande wa Kunduchi.

Onyo: chimbo linalofanya kazi si mahali pa kuingia kimyakimya. Kuna baruti, kuna malori, na kingo zilizopasuka hazionyeshi ufa mpaka umezikanyaga. Maji ya shimoni huwa na kina cha ghafla. Omba ruhusa, kaa mbali na ukingo, tazama bwawa kutoka upande wenye mteremko mdogo.

Kwenye ukingo wa maji mtafute Actitis hypoleucos, anayetikisa nyuma ya mwili bila kukoma na kuruka chinichini juu ya maji kwa mabawa yaliyokakamaa. Mwenzake, Tringa glareola, ana miguu mirefu zaidi na madoa meupe mgongoni, naye anapenda madimbwi yenye nyasi. Kwenye majani mafupi kuna wale wembamba wa njano wenye mkia mrefu unaochezacheza, Motacilla flava. Aprili tazama vichwa vya madume: vingine vya kijivu-buluu, vingine vyeusi, vingine vya njano tupu, kila kimoja kutoka upande tofauti wa Ulaya na Asia.

Kisha inua macho. Mbayuwayu hupita chini juu ya maji wakinywa bila kutua. Keremkerem, ndege walao nyuki, hupita juu, na utawasikia kabla ya kuwaona. Kwenye nyaya za umeme kando ya barabara hukaa kambu wa Ulaya, buluu na mgongo wa kahawia, wakati mwingine mmoja kwa kila nguzo. Wanapita pwani kwa wingi siku chache tu za Aprili, na mtu anayeendesha gari kati ya Mombasa na Malindi anaweza kuwaona wote bila hata kushuka.

Chagua bwawa moja na ulirudie kila asubuhi unayoweza badala ya kukimbilia matano. Ukilijua lilivyo siku za kawaida, utamtambua mgeni mara moja.

## Ukichelewa

Ukifika wiki ya pili ya Mei ukakuta tope limebaki na wachache wa kijivu, usidhani wamepotea au ni wagonjwa. Wengi wao ni vijana wa mwaka jana ambao hawazalii mwaka huu, nao hubaki kwetu kusi nzima. Hawana haraka, na kwa hatua ya 5 ndio walimu bora, maana hawana rangi ya kukuchanganya. Watu wazima wa kwanza huanza kurudi mwishoni mwa Julai na Agosti, wakiwa bado na mabaka mekundu tumboni.